Mwano na Kilio

Katika nchi ya Usukuma mtu aliyeibiwa ng'ombe usiku haanzi kwa kumtafuta askari. Hutoka nje ya ua wake wa minyaa, akapaza sauti. Sauti hiyo Wasukuma huiita mwano. Watu wa pwani wangaliita ukemi au yowe. Aisikiaye huipokea na kuipeleka kwa jirani wa pili, na wa pili kwa wa tatu, mpaka nchi nzima imeamka. Mwanamume mwenye afya akibaki kitandani hali amesikia mwano, kesho yake atatakiwa kujieleza, na huenda akatozwa faini. Kwa desturi hii mali ya mmoja imekuwa amana ya wote.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mgeni katika kaya moja isiyo mbali na mji wa Bariadi, nikikusanya maneno ya kilimo na ufugaji. Ulikuwa msimu wa kuuza pamba. Usiku mmoja nikasikia sauti ya mwanamke ikitoka katika kaya ya jirani. Ilikuwa sauti ya mtu anayepigwa, nayo ilidumu mpaka nisiweze kujidanganya kwamba naota. Nilikaa kitandani nikingoja kusikia mlango ukifunguliwa. Haukufunguliwa mlango wowote, na wangu pia. Asubuhi nikamwambia mwenyeji wangu, "Mzee, usiku hakutoka mtu." Akanitazama kwa upole, akajibu, "Mwalimu, ule haukuwa mwano. Ile ni nyumba ya mtu."

Insha hii ni jaribio la kulitafakari jibu hilo. Yako mashirika mengi yanayotetea haki za wanawake katika nchi yetu, na baadhi yake yameacha alama ilhali mengine yamepita kama mvua ya vuli juu ya mwamba. Nini hutenga haya na yale? Nadhani historia ya upande huu wa ziwa inatupa jawabu moja lililo wazi: shirika hufaa kwa kadiri linavyoweza kukigeuza kilio cha mke kuwa mwano, yaani kuwa sauti ambayo aisikiaye hana ruhusa ya kulala.

Ni vyema kuanza na mizizi ya ukimya, kwa kuwa ukimya nao una historia yake. Si kweli kwamba mila za Wasukuma zilimwacha mke bila kimbilio. Mwanamke aliyeonewa kupita kiasi aliweza kurudi kwa baba yake, na mume alipomfuata alitakiwa kujieleza mbele ya wakwe. Walakini ndoa ilifungwa kwa ng'ombe, na ng'ombe wale hawakukaa zizini wakingoja. Aghalabu walikwisha kutolewa mahari ya kaka yake binti, au walikuwa wamekufa, au wameliwa. Ndoa ilipovunjika, ng'ombe walidaiwa, na hesabu yao ilipimwa pamoja na idadi ya watoto waliozaliwa. Hans Cory, aliyechapisha kitabu chake cha sheria na desturi za Wasukuma mwaka 1953, aliziandika hesabu za namna hii kwa uangalifu mkubwa. Basi baba aliyempenda binti yake alikuwa na sababu ya kumhurumia jioni na kumrudisha asubuhi.

Lugha yetu nayo haikuwa mtetezi. Twasema, "Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune." Twasema tena, "Wagombanao ndio wapatanao." Mithali hizi zina hekima pale ambapo wagombanao wana nguvu sawa. Zinapotumiwa juu ya watu wawili ambao mmoja ana fimbo na mwingine hana, huwa ni njia ya heshima ya kuziba masikio.

Baada ya Uhuru ilitumainiwa kwamba sheria itayazibua. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilitamka katika kifungu chake cha 66 kwamba, hata kama mila inasema vinginevyo, mtu yeyote hana haki ya kumpiga mwenzi wake wa ndoa. Kwa wakati wake lilikuwa tamko la ujasiri, kwa kuwa nchi nyingi zilizojiita zilizostaarabika zilikuwa bado zinaona haya kulisema jambo hilo katika sheria. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ikakubali kanuni kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Hata hivyo kifungu cha 66 hakikuweka adhabu yake chenyewe. Mwenye kudai alipaswa kwenda kwenye Kanuni ya Adhabu kama mtu yeyote aliyeshambuliwa njiani. Tena mwanamke wa kijijini, ili aifikie sheria hiyo, alilazimika kwanza kutoka nyumbani, akapita mbele ya majirani walewale waliosikia na kunyamaza.

Yamkini msomaji atasema kwamba wanakijiji hawakuwa na nguvu ya kutenda. Historia inakataa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wizi wa ng'ombe ulikithiri, na silaha zilizobaki baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 zikawapa majambazi kiburi. Wasukuma na Wanyamwezi hawakungoja kuokolewa. Katika upande wa Kahama yakazuka majeshi ya jadi ya Sungusungu, yakaenea upesi katika Mkoa wa Shinyanga, ambao Bariadi ilikuwa sehemu yake, na kuvuka mipaka yake. Yaliweka viongozi, zamu za doria, faini, na adhabu ya kumtenga mkaidi mpaka akose mtu wa kumwazima hata moto. Mwaka 1989 serikali iliyatambua kwa sheria. Vijiji vilionyesha hivyo kwamba vinaweza kuweka ulinzi bila mshahara na bila gari. Lakini ulinzi huo ulikuwa na masikio ya upande mmoja. Ulisikia kwato za ng'ombe, usisikie kilio cha mke. Na mahali pengine wazee wa kike walioshukiwa uchawi waliuawa na watu wa jeshi hilohilo lililoahidi usalama. Nguvu ilikuwapo. Kilichokosekana ni makubaliano juu ya nani anastahili kulindwa.

Mashirika yetu ya utetezi yalizaliwa karibu na wakati huo, lakini mbali na hapo. Huko Dar es Salaam Chama cha Wanahabari Wanawake, TAMWA, kilianzishwa mwaka 1987, na Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake mwaka 1989. Haiwezekani kudharau kazi yao. Walilitia jambo la nyumbani katika magazeti na mahakama, wakawa miongoni mwa sauti zilizodai Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998. Waliipa nchi maneno ya kulisemea jambo ambalo awali lilikuwa na maneno ya kulifichia tu. Lakini gazeti hufika Bariadi limekunjwa mfukoni mwa mwanamume, na mahakama hukaa mchana.

Hatua iliyofuata ilichukuliwa karibu zaidi na Simiyu, katika jiji la Mwanza, mwaka 1999, lilipoanzishwa shirika la Kivulini. Jina hilo lafaa kuangaliwa. Kivulini ni mahali pa mti ambapo watu huketi, husalimiana na kusemezana. Hakuna anayeshitakiwa kwa kukaa kivulini. Wanawake waliolianzisha walitoa msaada wa sheria kama wenzao wa Dar es Salaam, kisha wakaongeza jambo lililokuwa geni: walikwenda mitaani na vijijini kuzungumza na watu ambao hawajapigwa wala hawajapiga. Mwenyekiti wa mtaa, mama muuza samaki, fundi baiskeli, mzee wa kanisa na imamu, wote hao ni majirani, na jirani ndiye asikiaye kwanza.

Wilayani Magu, ambayo sehemu yake ilikatwa na kuwa Wilaya ya Busega katika Mkoa wa Simiyu ulioundwa mwaka 2012, shirika la MAPERECE lilijifunza jambo kama hilo kwa njia chungu zaidi. Kazi yake ilikuwa kuzuia mauaji ya vikongwe. Macho mekundu yalihesabiwa kuwa dalili ya uchawi, na macho ya bibi aliyepika miaka arobaini katika moshi wa kuni yatakosaje kuwa mekundu? Shirika lilihimiza majiko yasiyojaza moshi, likasaidia kujenga nyumba za wazee, na likaketi na viongozi wa vijiji, waganga wa jadi na vikundi vya ngoma. Lilielewa kwamba katika Usukuma wimbo wa ngoma hufika mahali ambapo hotuba hukoma.

Wataalamu wa kupima mambo nao wametoa ushahidi. Mjini Kampala, shirika la Raising Voices lilibuni utaratibu ulioitwa kwa neno letu la Kiswahili, SASA!, ukapimwa kati ya mwaka 2007 na 2012 katika jumuiya nane, nne zikiwa na utaratibu huo na nne zikiusubiri. Matokeo yaliyochapwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba, katika jumuiya zilizofanyiwa kazi, kupigwa kwa wanawake na wenzi wao kulikuwa pungufu kwa asilimia 52 kuliko katika zile nyingine. Jumuiya nane ni chache, na tarakimu hiyo yataka tahadhari. Kwangu mimi lililo kubwa zaidi ni jingine: mwanamke aliyepigwa katika jumuiya zile alipata msaada ufaao kutoka kwa watu wake kwa kiasi cha mara mbili ya mwenzake wa kwingine. Milango ilifunguliwa.

Mwanza nako ulifanyika uchunguzi ulioitwa MAISHA. Wanawake 1049 waliokwisha kuwa pamoja katika vikundi 66 vya mikopo waligawanywa, na nusu ya vikundi ikapata mafunzo ya mikutano kumi. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2019 yalionyesha kwamba wale waliofunzwa walipigwa kwa uchache kuliko wengine. Lakini mafunzo hayo yalipopelekwa kwa wanawake waliokusanywa katika vikundi vipya, upungufu huo haukuonekana. Naona fundisho lake hivi: mafunzo ni mbegu, na kufahamiana ni udongo. Wanawake ambao wamewahi kudhaminiana deni wanajua njia ya kwenda kwa kila mmoja usiku.

Liko pingamizi la kweli ambalo halifai kufichwa. Je, umati ulioamshwa hautakuwa dhalimu mpya? Sungusungu walipiga na kuua. Tukiwapa na ndoa za watu wazilinde, si tutaongeza fimbo juu ya fimbo? Hofu hii ni ya haki, na ndiyo sababu kijiji kinahitaji shirika, wala hakitoshi peke yake. Kazi ya shirika ni kuuamsha umati na kuufunza adabu: kubisha hodi mapema, watu wawili watatu wanaoheshimiwa, kumtoa mwanamke na watoto bila kumwaga damu, kumfikisha kwa mwenyekiti, zahanati na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, kisha kurudi wiki ijayo kuuliza hali. Mpango wa Taifa ulioanza mwaka 2017 uliagiza kamati za ulinzi wa wanawake na watoto hadi vijijini. Kamati hizo ni masikio mema ikiwa kuna mtu anayethubutu kuziita.

Pingamizi la pili linahusu mali. Katika Simiyu, nchi inayosifiwa kwa pamba, mke hupalilia na kuchuma, na fedha aghalabu hulipwa kwa jina la mume. Mwanamke aliyeokolewa usiku ataishi wapi asubuhi? Wajane wawili wa Kisukuma wa Mkoa wa Shinyanga, waliofukuzwa katika nyumba za waume zao kwa kanuni za urithi zilizoandikwa mwaka 1963, walifikisha shauri lao kwa msaada wa watetezi hadi kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa inayopinga ubaguzi dhidi ya wanawake, nayo mwaka 2015 ikasema walidhulumiwa. Shauri lililoanza nyumbani lilizunguka dunia kutafuta sikio. Kwa hiyo shirika litakalosema juu ya kipigo na kunyamaza juu ya shamba litakuwa limeondoa fimbo mkononi na kuiacha ukutani.

Nimeandika juu ya mashirika, lakini nafahamu kwamba naandika pia juu yangu. Usiku ule nilikuwa nakijua kifungu cha 66. Nilikuwa nimekifundisha darasani kama mfano wa Kiswahili cha sheria. Elimu yangu yote haikuweza kuinua komeo la mlango, kwa sababu hakuna aliyekuwa amenizoeza kuiona nyumba ile kuwa inanihusu, na mimi sikujizoeza. Wenzetu wanaoketi kivulini, mwaka baada ya mwaka, hata fedha za wafadhili zinapokwisha, wanafanya mazoezi hayo kwa niaba yetu. Mwanafunzi anayetaka kujua kama wamefaulu asihesabu semina zao wala fulana walizogawa. Aende akalale kijijini, na akisikia kilio, asikilize kama kuna mlango unaofunguliwa. Kisha aangalie na wake.