Tozo ya Miamala na Mipaka ya Kodi Rahisi

Tanzania ilipoanza kutoza miamala ya fedha kwa simu, tarehe 15 Julai 2021, haja ya serikali ilikuwa ya kweli. Vijiji vilihitaji vituo vya afya na madarasa, ilhali walipaji wa kodi ya mapato ni wachache, kwani wananchi wengi hujiajiri mashambani, sokoni na kwenye bodaboda. Kupitia kampuni chache za simu, Hazina iliweza kuwafikia mamilioni kwa mkupuo. Haja hiyo naikubali. Ninachokipinga ni kile kilichochaguliwa kutozwa.

Kodi ya mapato hufuata kilichopatikana. Kodi ya ongezeko la thamani hufuata kilichonunuliwa. Tozo hii ilifuata mwendo wa fedha tu. Kijana wa Dar es Salaam akimtumia mama yake wa Kigoma matumizi ya mwezi, hakuna thamani mpya inayozaliwa. Fedha ileile, ambayo huenda ilishakatwa kodi kwenye mshahara, ilikatwa wakati wa kutumwa na ikakatwa tena wakati wa kutolewa. Viwango vilianzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, juu ya ada ya kampuni. Na funzo lilikuwapo jirani: Uganda iliweka asilimia 1 Julai 2018, ikalazimika kuishusha hadi asilimia 0.5, kwa kutoa pekee, kabla mwaka haujaisha.

Hasara ninayoiona kubwa kuliko shilingi zilizokatwa ni ya kumbukumbu. Mauzo ya muuza mchele yanapopita kwenye simu huacha alama: benki inaweza kumpima na kumkopesha, na Mamlaka ya Mapato inaweza kumkadiria kodi kwa haki badala ya kubahatisha. Akikimbilia noti ili kuikwepa tozo, anapotea machoni pa serikali ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikitafuta namna ya kumsajili. Mapato ya msimu mmoja yanapatikana kwa kuula msingi wa kodi ya miaka ijayo.

Serikali ilisikia, tena mapema: Septemba 2021 ilipunguza viwango kwa asilimia 30, mwaka 2022 ikashusha kiwango cha juu hadi shilingi 4,000, na Julai 2023 ikafuta tozo ya kutuma. Ya kutoa iliachwa. Watetezi wake husema inamshawishi mtu abakize fedha kwenye simu. Kwa mnunuzi wa Kariakoo, anayelipa dukani kwa simu, hoja hiyo ina nguvu. Lakini penye mashine ya kusaga, duka la dawa na nauli vinavyodai noti, mpokeaji hana budi kwenda kwa wakala, na tozo humwangukia yeye aliyetumiwa kwa sababu hana. Miamala midogo ya kutoa ndiyo iliyostahili kusamehewa kwanza, na pengo lake kuzibwa kwa kupitia upya misamaha ya kodi ya wawekezaji wakubwa.