Kitanda Kinachovutwa na Gari: Kwa Nini Wapiga Kambi Wanaacha Dude Kubwa na Kuchagua Tela Dogo, na Mafinga Inaingiaje Hapo

Ukienda kununua plaiwudi Mafinga huhitaji kuanza kueleza vipimo. Shiti ni futi nne kwa nane, basi. Fundi makabati anajua, fundi dari anajua, hata kijana wa mkokoteni anajua itakavyokaa mgongoni mwa mkokoteni wake. Sasa kipimo hichohicho ndicho kilichozaa chombo ambacho siku hizi kinatamba kwenye picha za safari mitandaoni: tela dogo la kulala, mbele mviringo, nyuma limechongoka kushuka chini, linavutwa na gari la kawaida. Wenyewe wanaliita tidropu, yaani tone la chozi, kwa sababu ya umbo lake.

Ndani hakuna maajabu. Godoro la watu wawili, dirisha kila upande, rafu chache za nguo. Kusimama huwezi, unaingia kwa kuinama na suruali unaivaa umelala chali. Jiko liko nyuma, kwa nje: unanyanyua mlango kama buti ya gari, unakuta sehemu ya kukatia nyanya, masufuria na plati ya gesi. Choo? Hakuna. Na bado kuna watu wenye uwezo kabisa wa kuchukua nyumba nzima ya magurudumu, yenye sebule, bafu, friji na televisheni, wanaizunguka mara mbili, wanatikisa kichwa, halafu wanaondoka na hili tela. Wapo wanaosema huo ni ubahili. Historia inasema vingine.

Ubunifu wenyewe ulitoka kwa watu waliofulia. Baada ya soko la hisa la New York kuanguka mwaka 1929, Marekani iliingia kwenye mdororo mzito wa uchumi. Kazi zilipotea, lakini familia nyingi zilibaki na gari. Miaka ya 1930 magazeti ya ufundi yakaanza kuchapisha michoro ya tela ambalo mtu angeweza kulitengeneza mwenyewe nyuma ya nyumba, kwa msumeno, nyundo na mbao za dukani. Shiti moja ikawa sakafu. Nyingine zikakatwa kwa mviringo kuwa kuta za pembeni. Ndiyo maana tela la zamani lina upana wa futi nne na urefu wa futi nane: ukitaka kulipanua kidogo tu, unaanza kukata shiti ya pili na kutupa nusu yake. Kwa hiyo kile ambacho leo kinaonekana ni staili, mwanzoni kilikuwa bajeti.

Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, alumini iliyokuwa ikienda kwenye ndege za kivita ikarudi sokoni, na matela mengi yakavikwa ngozi hiyo ya kung'aa. Mwaka 1947 gazeti la Mechanix Illustrated likachapisha mchoro ambao wapenzi wa matela haya wanaurudia mpaka leo. Kisha yakafifia. Mwaka 1956 Marekani ikapitisha sheria ya kujenga mtandao mkubwa wa barabara kuu, njia pana, zimenyooka, lami kama kioo. Injini zikakua, mafuta yalikuwa rahisi, na nyumba za magurudumu zikakua pia, mwaka hadi mwaka, mpaka zikafikia ukubwa wa basi. Nani tena angevaa suruali amelala chali? Tela dogo likasahaulika, na lilianza kurudi kwa kishindo miaka ya 1990, intaneti ilipowakutanisha watu waliokuwa wakiyafufua ya zamani mmoja mmoja.

Hapo kuna jambo la kushika. Dude kubwa ni mtoto wa barabara nzuri. Likiondolewa kwenye barabara hiyo, inakuwaje?

Kuna waliojaribu, tena hapahapa Afrika. Mwaka 1959 Mmarekani Wally Byam, mwanzilishi wa kampuni ya Airstream, aliongoza msafara wa karavani 41 za alumini kutoka Cape Town kwenda Cairo. Picha maarufu ya safari hiyo ni ile ya karavani zimepangwa kwenye piramidi za Giza, kila kitu safi, kila mtu anatabasamu. Kabla ya picha hiyo kulikuwa na miezi ya kukwama. Kongo matope yalimeza magurudumu, Ethiopia milima ikayatesa magari, na mara nyingi kazi ya siku nzima ilikuwa ni gari moja kulivuta lingine. Walifika, heshima yao. Lakini walifika kwa sababu walikuwa wengi na walikuwa na vipuri. Msafiri wa gari moja aliyekwama na karavani la tani kadhaa hana mtu wa kumvuta isipokuwa lori litakalopita, na dereva wa lori ana mzigo wake wa kuwahisha.

Msafara ule haukupita Mafinga. Lakini Nyanda za Juu Kusini hazikuwa zinasubiri Wamarekani waje kufundisha kwamba mzigo mkubwa unaumiza. Watu wa njia walishalijua hilo kwa mabega. Wapagazi wa misafara ya karne ya 19, kutoka pwani kwenda bara, walibeba kila mmoja kama frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu, mbali na vyombo vyao wenyewe. Waliishi kwa vikundi vidogo vilivyopika chungu kimoja na kulala pamoja. Vitu vikubwa vilikuwa vya bosi. Mwaka 1874 Henry Stanley alitoka Bagamoyo na boti yenye urefu wa futi 40 iliyogawanywa vipande, ikabebwa nchi kavu mpaka Ziwa Victoria. Boti ilipewa jina, Lady Alice, na jina hilo limo vitabuni mpaka leo. Majina ya wengi walioibeba vichwani, nani anayajua?

Enzi za Waingereza njia inayopita Tunduma, Mbeya na Iringa kwenda Dodoma na Arusha ikawa sehemu ya ile waliyoiita Great North Road, ndoto yao ya kuunganisha kusini na kaskazini mwa Afrika. Jina lilikuwa kubwa kuliko barabara yenyewe. Ilikuwa vumbi kiangazi, na masika ni matope.

Somo zito zaidi lilikuja Novemba 1965, Ian Smith alipotangaza uhuru wa upande mmoja kule Rhodesia. Zambia ilikuwa ikipata mafuta kupitia huko, na mlango ukafungwa. Kilichofuata ni malori kupanda kutoka Dar es Salaam yakiwa yamejaa mapipa ya mafuta, Morogoro, Iringa, Mafinga, Mbeya, mpaka ng'ambo ya Tunduma, na kurudi na shaba. Lami haikuwepo sehemu kubwa ya njia. Waandishi wa Kiingereza waliipa jina la Hell Run, na si kwa utani: malori yalianguka, yalizama, yaliwaka moto. Bomba la mafuta la TAZAMA lilipunguza mzigo huo kuanzia 1968, lami ya TANZAM ikakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970, reli ya TAZARA ikafuata.

Walioendesha malori hayo na matingo wao ndio wapiga kambi wa kweli wa barabara hii, ingawa hakuna aliyewapiga picha wakinywa kahawa machweo. Nyumba ya dereva ilikuwa kebini. Nyumba ya utingo ilikuwa popote turubai lilipofika. Jiko lilikuwa sufuria moja na kuni za pembeni. Kila kilichopanda kwenye lori bila kuwa mzigo wa kulipwa kilikuwa kinaiba nafasi na mafuta. Ukikaa na mzee aliyewahi kushika usukani miaka ile ukamweleza habari ya nyumba ya magurudumu yenye sebule, atakuuliza swali moja tu: Kitonga inapandaje?

Swali hilo bado lina nguvu. Leo lami ipo, na dude kubwa linaweza kupanda Kitonga, likiwa nyuma ya malori ishirini. Kisha lifike mizani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inagusa magari ya kuanzia tani 3.5, kwa hiyo nyumba ya tani kumi ni ya kupanga foleni na matrela ya shaba pale Makambako. Tela dogo la plaiwudi na alumini lina uzito wa kilo mia kadhaa tu. Linapita.

Halafu kuna ukweli mwingine, kwamba hakuna anayesafiri ili kuiona lami. Lami inakufikisha Mafinga, karibu kilomita 80 kutoka Iringa. Mashamba ya chai ya Mufindi yako huko ndani, kwa barabara za udongo ambazo mvua ikinyesha zinakuwa kama zimepakwa sabuni. Njia ya Ruaha kutoka Iringa imekuwa ya vumbi na mawimbi kwa miaka mingi. Na Kitulo, ile Bustani ya Mungu iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ukipandia Chimala unakutana na kona zinazoitwa Hamsini na Saba, maana ndiyo idadi yake. Geuza basi kwenye kona ya ishirini, uone.

Wanaopita kutoka Afrika Kusini, Namibia na Zambia wamelijua hili zamani. Simama kwenye kambi maarufu ya Kisolanza, kati ya Iringa na Mafinga, utaona Land Cruiser zenye hema la juu na vitela vya chuma vilivyonyanyuliwa. Malori makubwa ya watalii yapo pia, lakini hayo hubeba watu ishirini, kwa hiyo hesabu yake ni nyingine. Wawili kwenye gari la tani kumi ndiyo hesabu isiyokaa. Tena mwenye tela ana uhuru mwingine mdogo ambao mwenye nyumba-gari hana: analiacha kambini, anaenda sokoni Mafinga na gari tupu. Mwenzake akiishiwa mkate anabeba kitanda, bafu na televisheni kwenda kununua mkate.

Na baridi. Mafinga iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai watu wanavaa makoti kweli, si ya kupigia picha. Chumba kikubwa cha bati kinahitaji hita. Kitanda chenye dari karibu na pua kinapashwa na miili ya waliolala, ingawa pumzi zao nazo zitalowesha kuta kama hakuna tundu la hewa. Hapa hakuna mzaha: asiingize mtu jiko la mkaa humo ndani kwa kisingizio cha baridi. Moshi usioonekana unaua watu kwenye vyumba vikubwa kuliko hivyo, wakiwa usingizini.

Tela dogo si pepo. Mvua za Mafinga zinaanza mwishoni mwa mwaka na kwenda mpaka Aprili, na kupika nje chini ya mlango wa buti mvua inapigwa na upepo kunahitaji moyo. Wenye watoto watatu watahitaji na hema. Wapenzi mkigombana, hakuna sebule ya kwenda kununia.

Lakini kinachouma kidogo ni hiki. Picha nyingi za matela haya zinatoka mbali, na vijana wengi wa Iringa na Mbeya wanazitazama kama mambo ya Wazungu. Shamba la Miti Sao Hill liko hapohapo Mufindi, eneo lake ni zaidi ya hekta 100,000, miti yake ya mwanzo ilipandwa kwa majaribio mwaka 1939, na magogo kutoka wilaya hii ndiyo yanayolisha viwanda vya mbao na plaiwudi vya Mafinga. Shiti zinapakiwa usiku na mchana kwenda Dar es Salaam na nje ya nchi. Mafundi wa kuchomelea wanaotengeneza matela ya trekta wapo. Ekseli na springi za magari yaliyokufa zipo. Kitu kilichobuniwa na Wamarekani wasio na kazi, kwa shiti za futi nne kwa nane, kinaweza kutoka kwenye mji unaozitengeneza.

Anayetaka kujaribu atakutana na mambo ya kawaida ya kiserikali: tela linasajiliwa na linakuwa na namba yake, taa za nyuma na indiketa lazima ziwake, la sivyo safari itaishia kwa trafiki wa kwanza. Plaiwudi ya kawaida ya ndani ikilowa inavimba, kwa hiyo achukue ile inayovumilia maji, ile mafundi wanayomwagia zege, na kingo zote zipigwe rangi. IST kuivutisha tela Kitonga ni kesi nyingine kabisa.

Na kuta zifungwe nje ya sakafu, si juu yake. Hapo ndani inabaki futi nne kamili, godoro la nne kwa sita la duka lolote la Mafinga linaingia bila kukatwa, na futi mbili zinazobaki nyuma ndizo za jiko.