Kutoweka kwa Lugha: Kitenzi Kisicho na Mtenda

Wanaisimu wa Kiswahili wanapoeleza mwisho wa lugha, aghalabu huteua mojawapo ya vitenzi vitatu: kufa, kuzimika au kutoweka. Cha kwanza huifanya lugha kiumbe chenye roho. Cha pili hukaribiana na picha ya Kilatini ya kuzima moto, ambayo ndiyo iliyozaa istilahi ya Kiingereza. Cha tatu kimezoeleka vitabuni, nacho ndicho kinachostahili kutiliwa shaka kuliko vyote.

Kutoweka ni kutoonekana tena. Mwizi hutoweka gizani. Ukungu hutoweka jua likipanda. Kitenzi hiki hakielezi iwapo kilichotoweka kimekoma kuwapo au kingaliko mahali pengine. Isitoshe, kinafuata mwenendo wa kauli ya kutendeka, ambayo haimpi mtenda nafasi. Mswahili husema taa imezimwa na Juma, wala hasemi taa imezimika na Juma. Hali kadhalika, sentensi “Kiyaaku kimetoweka” haina pa kumweka aliyesababisha.

Historia ya Kiyaaku, lakini, inao wasababishaji. Wayaaku walikuwa wawindaji na wafugaji nyuki wa msitu wa Mukogodo, kaskazini mwa Mlima Kenya, na lugha yao ni ya jamii ya Kikushi. Kwa mikataba ya 1904 na 1911, serikali ya kikoloni ya Uingereza iliwahamisha Wamaasai, kwanza kutoka Bonde la Ufa, kisha kutoka Laikipia, ili ardhi wapewe walowezi. Vikundi vidogo vilivyosema Kimaa vikasukumwa hadi eneo la Mukogodo. Hapo pakaingia suala la mahari. Wayaaku walizoea kulipa mizinga ya nyuki. Majirani zao walidai mifugo. Asiyekuwa na ng'ombe aliona taabu kuoa, tena aliitwa kwa jina la dharau ambalo Kiswahili, kwa bahati mbaya, kililipokea bila kuuliza: Mndorobo, yaani fukara asiye na ng'ombe. Katika miaka ya 1920 na 1930 Wayaaku walijipatia mifugo, na wazazi wakawalea watoto wao kwa Kimaa.

Ni nani basi aliyeitowesha lugha hiyo? Kitenzi kutowesha kinalazimisha swali hilo, na jibu lake si jepesi, kwa kuwa wazazi nao wamo miongoni mwa watenda, ingawa hawakuichora mipaka iliyowabana.

Bernd Heine alipokusanya data za Kiyaaku katika miaka ya 1970, waliokisema walikuwa wazee wachache. Hata hivyo, Kimaa cha Mukogodo kilihifadhi sehemu ya msamiati wa zamani, hasa unaohusu nyuki, kwani Wamaasai hawakuwa na maneno ya kutosha kwa kazi hiyo. Mwanzoni mwa karne ya 21 Wayaaku wenyewe walianza jitihada za kuifufua lugha yao, na wajukuu wakaenda kwa wazee hao kuwauliza majina ya vitu.