Vyura wanaozaa

Vyura wanaozaa ni vyura wadogo wa jenasi Nectophrynoides katika familia Bufonidae. Wanapatikana Tanzania tu, hasa kwenye misitu yenye unyevu ya milima ya Tao la Mashariki kama vile Usambara, Ukaguru, Uluguru na Udzungwa. Tofauti na takriban vyura wengine wote duniani, majike ya jenasi hii hawatagi mayai. Mayai hubaki tumboni mwa mama hadi yanapokuwa vyura wadogo kamili, kisha mama huwazaa. Spishi kadhaa huishi katika Mkoa wa Morogoro. Mojawapo, chura wa Kihansi, ilitoweka porini mwanzoni mwa karne ya 21 ikabaki katika bustani za wanyama tu.

Maelezo

Wengi wa vyura hawa ni wadogo sana. Chura wa Kihansi (N. asperginis) hafikii sm 3, na N. minutus wa Uluguru ni mdogo kuliko huyo. Spishi kubwa zaidi ni zile za kundi la N. viviparus, ambazo jike lake linaweza kufikia sm 6 hivi. Hizo zina tezi kubwa zinazoonekana wazi nyuma ya kichwa na miguuni. Rangi hutofautiana: kahawia, kijivu, nyekundu au ya manjano. Spishi kadhaa, kama N. tornieri, hupanda juu ya majani na vichaka wakati wa usiku. Nyingine hukaa chini, kati ya majani makavu na magogo yanayooza.

Uzazi

Vyura wa kawaida wa tambarare huhitaji maji ili kuzaliana. Katika maeneo ya chini ya Manispaa ya Morogoro, kama Mazimbu, vyura husubiri mvua. Dume huita kando ya dimbwi au mfereji, jike hutaga mayai majini, na dume huyarutubisha nje ya mwili wa jike. Viluwiluwi huanguliwa na kuogelea kwa majuma kadhaa mpaka waote miguu. Dimbwi likikauka mapema, wote hufa.

Nectophrynoides wameepuka hatari hiyo. Dume hana kiungo maalumu cha kupandia, lakini humkumbatia jike na kukaribisha tundu lake na la jike ili mbegu ziingie ndani. Mayai yana kiini kikubwa chenye chakula cha kutosha, na kiluwiluwi hukua kwa kukitumia hicho, akiwa ndani ya mirija ya uzazi ya mama. Chura wa Kihansi huzaa watoto wachache, kwa kawaida kati ya 5 na 16, na kila mmoja ana urefu wa mm 5 hivi. Jike la kundi la N. viviparus linaweza kubeba zaidi ya watoto 100 kwa mara moja.

Kuna spishi zaidi ya 7,000 za vyura duniani, na zinazozaa ni chache mno. Nje ya Tanzania mfano unaojulikana sana ni Nimbaphrynoides occidentalis wa Mlima Nimba katika Afrika ya Magharibi. Zamani alihesabiwa katika jenasi hii, lakini siku hizi amewekwa katika jenasi yake mwenyewe. Yeye huwalisha watoto kwa majimaji yanayotoka mwilini mwa mama, si kwa kiini cha yai pekee.

Uzazi wa namna hii huwaweka huru na madimbwi, ila unawafunga kwenye msitu wenye ukungu. Ngozi yao nyembamba hukauka upesi. Kwa hiyo hawawezi kuvuka tambarare kavu kutoka mlima mmoja hadi mwingine. Hii ndiyo sababu milima mingi ina spishi zake zisizopatikana penginepo.

Historia ya uchunguzi

Mzoolojia Mjerumani Gustav Tornier alieleza N. viviparus mwaka 1905, kutokana na vielelezo vilivyokusanywa katika koloni la Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Habari ya chura anayezaa ilikuwa ya ajabu kwa wataalamu wa wakati ule. Jenasi yenyewe ilipewa jina na Mmarekani G. K. Noble mwaka 1926. Mwaka 1928 Thomas Barbour na Arthur Loveridge walichapisha ulinganisho wa amfibia na reptilia wa Uluguru na Usambara, uliotoa majina kwa wanyama wengi wa milima hiyo.

Kwa muda mrefu N. viviparus alidhaniwa kuwa spishi moja iliyoenea milima mingi. Vipimo vya DNA, pamoja na vile vya vielelezo vya zamani vilivyohifadhiwa makumbusho, vilionyesha kwamba ni kundi la spishi kadhaa. Mwaka 2025 tatu zilielezwa kuwa mpya kwa sayansi.

Spishi za Uluguru

Milima ya Uluguru huinuka kusini mwa mji wa Morogoro. Kilele cha Lupanga kinachotazama mji kina kimo cha zaidi ya m 2,100, na Kimhandu upande wa kusini kinapita m 2,600. Pamoja na vyura wa makundi ya N. tornieri na N. viviparus, milima hii ina:
- N. cryptus, aliyeelezwa mwaka 1971
- N. minutus, aliyeelezwa mwaka 1972. Anapatikana pia Rubeho
- N. laevis, wa Uluguru Kusini, aliyeelezwa mwaka 2004
- N. pseudotornieri, wa Uluguru Kaskazini, aliyeelezwa mwaka 2004

Spishi mbili za mwisho zinaonyesha kwamba hata ndani ya safu moja ya milima, upande wa kaskazini na wa kusini una vyura tofauti. Kati ya pande hizo kuna pengo la Bunduki, ambapo sehemu kubwa ya msitu ilikatwa ili kupata mashamba.

Chura wa Kihansi

Chura huyu aligunduliwa mwaka 1996 katika korongo la Mto Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa, mpakani mwa mikoa ya Morogoro na Iringa. Makazi yake yote yalikuwa hektari chache za majani na mawe yaliyoloweshwa daima na manyunyu ya maporomoko ya maji. Jina la spishi, asperginis, linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya manyunyu.

Wakati huo bwawa la umeme la Kihansi, lenye uwezo wa megawati 180, lilikuwa tayari linajengwa. Lilipoanza kazi, sehemu kubwa ya maji ilielekezwa kwenye mitambo, na manyunyu yakapungua mno. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani ili wazalishwe katika bustani za wanyama. Korongoni kuliwekwa mabomba ya kunyunyizia maji, na idadi ya vyura ikapanda tena, hadi karibu 20,000 katikati ya mwaka 2003. Baada ya miezi michache walitoweka. Kuvu Batrachochytrium dendrobatidis, unaosababisha ugonjwa wa ngozi kwa vyura, ulipatikana katika vyura waliokufa.

Mwaka 2009 IUCN ilitangaza kwamba spishi hii imekwisha porini. Waliobaki walikuwa wale wa bustani za Bronx na Toledo, ambao nao kwa wakati mmoja walishuka chini ya 100 kabla ya kuongezeka tena. Vyura 100 walirudishwa Dar es Salaam mwaka 2010, na kuanzia mwaka 2012 baadhi ya wazao waliachiwa Kihansi. Mabomba ya manyunyu bado yanahitajika.

Vitisho na hifadhi

Kihansi ilipata fedha na wataalamu kwa sababu mradi mkubwa ulihusika. Spishi nyingine zinaweza kutoweka bila kelele. N. poyntoni wa Udzungwa, aliyeelezwa mwaka 2004, hajaonekana tangu mwaka 2003 ingawa ametafutwa mara kadhaa.

Huko Uluguru vitisho vikuu ni kufyeka msitu kwa ajili ya mashamba, moto unaopanda kutoka mashambani, na ukataji wa miti kwa kuni na mbao. Misitu iliyobaki ilifanywa Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru mwaka 2008, ikiunganisha Uluguru Kaskazini, Uluguru Kusini na Bunduki. Eneo lake ni hektari 24,000 hivi.

Msitu huo una faida pia kwa watu. Ukungu unaowapa vyura unyevu ndio unaolisha vijito vya Mto Ruvu, ambao maji yake hutumiwa Dar es Salaam, na vijito vinavyoshuka Morogoro mjini. Mahali ambapo msitu umeisha, vyura hawa hawapo, na vijito hupungua wakati wa kiangazi.