Taa za ziada kwenye lori zahitaji fyuzi kando ya betri

MADEREVA wanaosafirisha majani chai kutoka Kedowa, Kaunti ya Kericho, huufahamu vyema ukungu. Eneo hilo liko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na jioni za mvua dereva huweza kushindwa kuona ukingo wa barabara. Ndiyo sababu wenye malori huongeza taa mbele ya gari.

Hatari haimo katika taa bali katika namna zinavyounganishwa. Waya uliotolewa moja kwa moja kwenye betri bila fyuzi, ukichubuka na kugusa chesisi, hupitisha mamia ya ampea. Plastiki yake huweza kuwaka kwa muda wa sekunde chache.

Jambo la kwanza ni kujua volti za gari. Malori mengi hutumia volti 24, zinazotokana na betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa mfuatano, ilhali pikapu hutumia volti 12. Balbu na rilei sharti zilingane na kiwango hicho.

Kuna mafundi ambao huchukua volti 12 kutoka kwa betri moja ya lori ili kupunguza gharama. Njia hiyo huharibu betri zote mbili: inayotumika hupungukiwa na chaji, nayo ya pili huzidishiwa. Anayetaka taa za volti 12 anapaswa kutumia kifaa cha kupunguza volti.

Ili kujua mkondo, wati hugawanywa kwa volti. Taa mbili za wati 70 kila moja kwenye lori la volti 24 huhitaji karibu ampea 6. Mbili za wati 55 kwenye pikapu huhitaji karibu ampea 9. Waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba hutosha pote. Fyuzi ya ampea 10 hufaa lori hilo, na ya ampea 15 pikapu.

Fyuzi hulinda waya, si taa. Kwa hivyo huwekwa karibu kabisa na betri, kwa kuwa kipande cha waya kinachotangulia fyuzi hakina kinga yoyote. Fyuzi inayokatika mara kwa mara huashiria hitilafu. Kuweka kubwa zaidi, au kuizungushia karatasi ya pakiti ya sigara, ni kukaribisha moto.

Aidha, mkondo wote haufai kupitia swichi ya kabini. Kazi hiyo ni ya rilei. Ncha yake namba 30 hupokea umeme kutoka kwa fyuzi, na namba 87 huupeleka kwenye taa. Namba 86 hupokea umeme wa swichi, nayo namba 85 hufungwa kwenye chesisi. Umeme wa swichi hutolewa mahali penye fyuzi panapopata umeme tu ufunguo ukiwashwa, ili taa zisimalize betri lori likiegeshwa.

Kabla ya kazi kuanza, waya wa hasi wa betri hutolewa kwanza. Kazi ikiisha, hurudishwa mwisho. Waya hupitishwa ndani ya bomba la plastiki, mbali na ekzosi, na kila tundu la bati huwekewa mpira. Mahali pa kufunga waya wa chesisi hukwaruzwa rangi na kutu, kisha hupakwa grisi baada ya kukazwa. Viungo hubanwa kwa vibanio maalumu. Kusokota waya na kuufunga kwa utepe hakutoshi, hasa penye matope na mitikisiko.

Taa za ukungu hufungwa chini ya taa kubwa na kuelekezwa chini, kwani mwanga wa juu hugonga ukungu na kumrudia dereva. Taa za mwanga mrefu huzimwa gari jingine linapokaribia ili dereva wake asipofushwe.

Hatimaye, taa huwashwa kwa nusu saa injini ikinguruma, kisha huzimwa, na viungo pamoja na kishikio cha fyuzi hupapaswa. Palipo na joto kali pana kiungo kilicholegea, na hapo ni sharti parekebishwe kabla ya lori kupakiwa mzigo.