Shinikizo

Neno shinikizo, ambalo leo twalisikia zaidi katika habari za siasa, asili yake ni chombo: kile kibanacho miwa hata itoke maji, na kile ambacho mafundi wa kujalidi vitabu hubania karatasi. Matabibu hawakukosea walipolitwaa kuelezea hali ya jicho, ambamo maji safi hutengenezwa daima na kutoka kwa kupenya katika chujio dogo lililo pembezoni mwa duara la rangi lizungukalo mboni. Yakizuilika, shinikizo huweza kupita milimita 21 za zebaki, na mshipa wa kuonea ukadhurika. La ajabu mno ni kwamba seli za chujio hilo hazikubali kubanwa kama muwa usio hiari, bali zikivutwa hubadili namna zinavyozitumia jeni zake, zikatoa vimeng'enya vya kulegeza nyuzi zilizozizunguka ili maji yapate njia, na zikazidisha protini iitwayo myosilini, ambayo jeni yake, kama ilivyodhihirika mwaka 1997, ikiwa na kasoro huweza kuleta glakoma, yaani maradhi ya kudhurika kwa mshipa huo wa kuonea. Maradhi hayo aghalabu huanza pasipo maumivu. Basi, msomaji uliyetimiza miaka 40, tafadhali nenda ukapimwe macho.