Waamazoni Kutoka Ugiriki Hadi Vibonzo vya Marekani: Nani Aliruhusiwa Kuvuka Mpaka wa Jinsia?

Mtahiniwa anapotakiwa kueleza sifa za majagina, aghalabu huanza na nguvu zisizo za kawaida, kisha hutaja siri inayoweza kumwangamiza mhusika. Fumo Liyongo alikuwa na kitovu chake. Wonder Woman, jagina wa kike wa vibonzo vya Marekani, naye ana siri yake: katika hadithi za awali, mwanamume akizifunga pamoja bangili zake kwa minyororo, nguvu humtoka. Linganisha siri hizi mbili, msomaji. Sindano iliyomuua Liyongo haikujali ilishikwa na nani. Mnyororo wa Wonder Woman unajali jinsia ya mfungaji.

Ili kuelewa sababu, hatuna budi kurejelea visasili alimotolewa. Homer, katika utenzi wake wa Iliad, anawaita Waamazoni kwa sifa yenye maana ya walio sawa na wanaume. Wanapanda farasi, wanapigana na hawatawaliwi na waume. Lakini chunguza dhima yao katika msuko. Herakles anatumwa kuuleta mshipi wa malkia Hippolyta, Theseus anamteka mmoja wao, naye Akilles anamuua Penthesilea mbele ya Troy. Katika hekalu la Parthenon, lililojengwa Athens kati ya 447 na 432 K.K., vita vyao vimechongwa upande wa magharibi. Mgiriki alimsawiri mwanamke mwenye silaha kwa ustadi mkubwa, kisha akahakikisha anashindwa.

Hata hivyo, visasili hivyo havikuishia kwa wanawake tu. Herakles huyo huyo aliuzwa utumwani kwa malkia Omphale, akavishwa nguo za kike na kusokota sufu. Akilles alifichwa na mamaye kisiwani Skyros, akaishi kama msichana miongoni mwa mabinti wa mfalme. Tiresias aligeuzwa mwanamke kwa miaka kadhaa kabla ya kurudia umbo la kiume. Kainis alibakwa na Poseidon, na alipoambiwa ataje atakalo, akaomba asiwe mwanamke tena; akawa Kaineus, mwanamume asiyepenyeka kwa silaha. Si haki kuwapachika Wagiriki istilahi zetu za leo, lakini ni wazi kwamba katika masimulizi yao mpaka ulivukwa kutoka pande zote mbili.

Sasa tuje Marekani. William Moulton Marston alikuwa mwanasaikolojia, na utafiti wake kuhusu shinikizo la damu ulichangia uundaji wa mtambo wa kutambua uongo. Mwaka wa 1941, pamoja na mchoraji Harry G. Peter, alimleta Wonder Woman katika jarida la All Star Comics. Katika simulizi la asili lililochapishwa 1942, Hippolyta anamshinda Herakles kwa upanga. Herakles anauiba mshipi kwa hila na kuwafunga Waamazoni minyororo. Wanapojikomboa wanahamia kisiwani, na bangili wanazovaa ni kumbukumbu ya utumwa ule. Siri ya mnyororo inatoka hapo. Marston alichukua kisa cha mshindi akakisimulia kwa sauti ya aliyeshindwa, na kwa maoni yangu hicho ndicho kitendo kikubwa kuliko vyote katika historia ya mhusika huyu.

Ila tazama alichokiacha. Herakles wa Marston ni mbabe mtupu, taasubi ya kiume iliyovaa ngozi ya simba. Omphale hayumo, wala ile sufu. Mwanamke anaruhusiwa kushika upanga, lakini mwanamume haruhusiwi kushika pia ya kusokotea. Mpaka umefunguliwa upande mmoja tu.

Hata upande huo haukudumu wazi. Marston alifariki 1947, na kazi ikapitia mikononi mwa Robert Kanigher. Mwaka wa 1954 daktari Fredric Wertham alichapisha kitabu kilichodai kwamba vibonzo vinawapotosha watoto, akimtaja Wonder Woman kuwa anawaelekeza wasichana kwenye mapenzi ya jinsia moja. Mwaka huo huo wachapishaji walijiwekea kanuni za maadili zilizosisitiza ndoa na kupiga marufuku lolote lililohesabiwa kuwa upotovu. Toleo la 1959 likatoa asili mpya: Waamazoni wanaishi bila wanaume kwa kuwa waume zao walikufa vitani! Mwalimu, hebu wasomee wanafunzi asili hizo mbili, ya 1942 na ya 1959, bila kuwatajia miaka, kisha uwaulize kipi kimebadilika. Waliochagua kuishi peke yao wamegeuzwa wajane. Mgiriki alimuua Mwamazoni kwa kumwogopa. Mhariri wa miaka ya hamsini alimfuga.

Mwaka wa 1968 alivuliwa nguvu zote, akafungua duka la nguo. Jarida la kifeministi la Ms. lilimweka jaladani Julai 1972 akiwa na mavazi yake ya zamani, na 1973 nguvu zikarudishwa. Toleo hilo la 1973 ndilo lililomleta Nubia, Mwamazoni Mweusi. George Pérez naye, mwaka wa 1987, aliwafanya Waamazoni kuwa roho za wanawake waliouawa na wanaume, akakipa kisiwa chao jina la Themyscira, mji ambao Wagiriki waliuweka kando ya Bahari Nyeusi.

Mwaka wa 2016 mwandishi Greg Rucka alithibitisha kwamba Wonder Woman amewahi kuwapenda wanawake, kauli iliyoanika kile Wertham alichokilalamikia. Kisha 2021, katika mfululizo wa Nubia ulioandikwa na Stephanie Williams na Vita Ayala, akaingia Bia, Mwamazoni Mweusi ambaye ni mwanamke aliyevuka jinsia. Jina hilo si geni. Katika tamthilia ya Prometheus inayonasibishwa na Aeschylus, Bia ni nguvu za mabavu zilizopewa umbo la mhusika. Anasimama jukwaani Prometheus akipigiliwa mwambani, na hatamki neno hata moja. Bia wa 2021 anazungumza.